Mwajiri Wangu Alipotaka Kutubu

Mwenye shule na mimi tulikuwa na lugha moja, na hilo ndilo lililonifanya nimchukie zaidi. Wazazi aliwasemesha kwa Kiarabu, walimu kwa Kiingereza. Mimi, alipotaka jambo lisisikike na wengine, aliniinamia akaninong'oneza kwa Kiswahili cha Unguja. Yeye alizaliwa Maskati, lakini wazazi wake walitoka Unguja, na nyumbani kwao hawakuacha kukisema. Mimi ni Mkenya, mwalimu wa watoto wadogo. Nilipofika kwenye chekechea yake kule Ghubra, mtaa wa Maskati, nilifurahi kusikia Kiswahili, nikadhani nimepata mtu wa kwetu. Haikuchukua muda nikajua kwamba kwake Kiswahili kilikuwa cha amri za pembeni na makemeo ya chini chini.

Alinipandisha cheo nikawa mwalimu mkuu. Kazi niliiweza na niliipenda. Asubuhi nilisimama mlangoni nikipokea watoto kutoka kwenye basi letu dogo, mmoja mmoja, jina kwa jina, na baada ya mtoto wa mwisho niliingia mwenyewe ndani ya basi nikatazama chini ya viti.

Asubuhi moja ya joto kali tulikuwa na wakaguzi. Mwenye shule alinivuta kando.

"Leo mie ntapokea watoto," alisema. "Weye kaa na wageni. Kiingereza chako kizuri, na mie wananitia wasiwasi."

Nikakaa na wageni. Nje, basi lilipofika, alimwona dada wa basi, msichana Mtanzania aliyekuwa akisafiri na watoto, akamwita haraka aje kupeleka kahawa na tende ofisini. Dada akateremsha watoto mbio mbio, akamkabidhi mwenye shule, akakimbilia jikoni. Mwenye shule hakuhesabu na hakuingia ndani ya basi. Mtoto mmoja alikuwa amelala kiti cha nyuma.

Dereva ndiye aliyemkuta, aliporudi kuchukua miwani yake. Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa kilichoroweshwa. Nilimpokea mikononi, kisha dereva akamkimbiza hospitali na Mungu akasaidia, akapona. Lakini kabla hatujajua kwamba atapona, mama yake alifika langoni, buibui limemtoka kichwani, akiuliza ni nani, ni nani.

Walimu wote walikuwa pale. Mwenye shule akaninyooshea kidole. Kiarabu changu kilikuwa cha sokoni, lakini kilitosha. Alisema: huyu ndiye mwenye jukumu la kupokea watoto, na nimemwonya mara nyingi ahesabu.

Nikafungua kinywa. Aligeuza uso upande wangu na kuninong'oneza, kwa sauti ile ile aliyoniagizia chai: "Nyamaza. Ntakweleza baadaye."

Nikanyamaza. Yeye alikuwa kafili wangu, mdhamini ambaye bila yeye sikuwa na ruhusa ya kuishi Oman, na nyumbani nilikuwa na watoto wawili walioachwa kwa mama yangu. Sitaki mtu aniambie kwamba alikuwa na hofu tu. Mimi pia nilikuwa na hofu, na sikumsingizia mtu.

Baadaye hakunieleza kitu. Dada wa basi alirudishwa kwao kabla ya mwezi kuisha. Mimi nilivuliwa cheo nikawekwa mapokezi, kupokea simu na kufungua mlango. Picha yangu ilizunguka katika kikundi cha wazazi kwenye simu, na chini yake maneno ya kuniita muuaji. Akina mama waliokuwa wakinibusu mashavuni sasa walinipita kama ninavyoipita meza. Katika duka moja la nguo Ruwi, karibu na nilipokuwa nikiishi, mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake mkono aliponiona. Niliishi hivyo miaka kadhaa, na kila asubuhi mwenye shule alipita mbele ya meza yangu akisema, "Umeamkaje?" Nami nilijibu, "Salama, madam," nikimwombea gari lake liharibike.

Kisha akaenda nje ya nchi kwa mafunzo ya viongozi wa biashara. Aliporudi alitukusanya ukumbini, kwenye zulia la watoto, chini ya picha za alfabeti. Akawasha projekta. Alizungumza juu ya kiongozi anayekubali makosa. Kila hatua ya toba ilikuwa na picha yake: kutambua, kukiri, kurekebisha, kubadilika. Aliziita hekima za kale. Mwishoni aliweka mkono kifuani, akasema kwamba kama kuna yeyote humu aliyewahi kuudhika kwa sababu yake, anaomba radhi.

Walimu walipiga makofi. Mmoja alifuta machozi. Kulikuwa na keki. Mimi nilikaa mikono imekunjwa.

Siku iliyofuata aliniita ofisini.

"Mbona hukupiga makofi?"

"Sikusikia ulichokosea, madam."

Alifunga mlango. Nilitegemea kukemewa, lakini aliketi kiti cha wageni, upande wangu wa meza. Akaniambia kwamba yale mambo hayakuwa yake. Mkufunzi wao alikuwa mzee Myahudi aliyekuwa ameendesha kiwanda miaka mingi, na aliwafundisha viongozi wa kampuni namna ya kutubu kama watu wa dini yake wanavyofundishwa. Wao wana siku kuu ya kufunga na kuomba msamaha, na kabla ya siku hiyo wanaendeana, kwa sababu wanaamini kwamba Mungu husamehe aliyokosewa Yeye, ila uliyomkosea mwenzio hayafutiki mpaka umwendee mwenyewe na kumridhisha.

"Na kwenu hamfundishwi hivyo?" nilimuuliza. "Hata kanisani kwetu tunaambiwa, acha sadaka yako, nenda kwanza ukapatane na ndugu yako."

"Tunafundishwa. Tangu chuo cha Kurani nikiwa mdogo. Haki ya mtu iko kwa mtu." Alitazama dari. "Lakini kitu ukikisikia kila siku kinakuwa kama kiyoyozi, hukisikii tena. Yule mzee kanitazama machoni akaniuliza, nani anakungoja? Nikakuona weye."

"Na mbona hukusema jana kwamba mafunzo ni ya Wayahudi?"

"Weye unajua tunaishi wapi, na siku hizi watu wamekasirika vipi. Wangesikia neno hilo tu, mengine yote wasingeyasikia."

"Kwa hiyo toba yako umeianza kwa kuficha."

Alikunja uso. Mkononi alikuwa na tasbihi na aliizungusha haraka. Akasema, "Nnakuomba radhi kwa yaliyotokea."

"Yaliyotokea ni yapi?"

"Unayajua."

"Mimi nayajua. Nataka kusikia kama wewe unayajua."

Hakuweza. Nilimwona akijaribu, midomo ikifunguka na kufumba, na nikiri kwamba nilistarehe. Nikamwambia sijamsamehe, nikasimama.

"Yule mzee anasema mtu akikataa, urudi mara ya pili, na ya tatu," alisema mgongoni mwangu. "Akikataa ya tatu, basi mzigo unahamia kwake yeye."

Niligeuka. Katika yote aliyonifanyia, sidhani kama kuna lililonipandisha damu kama hilo. Mtu anakuvunja mguu, halafu anakuja na sheria kwamba usipomsamehe kufikia mara ya tatu, kilema ni kosa lako.

"Kwa hiyo unanihesabia," nilisema.

"Sikuhesabii. Nnakwambia nilivyofundishwa."

"Huyo mzee alikufundisha mengi. Wewe umekumbuka hilo."

Mara ya pili alinifuata nyumbani. Niliishi Ruwi, chumba kimoja katika jengo lenye lifti mbovu, na alipanda ngazi zote na viatu vyake virefu, mkononi bakuli la halwa na chetezo cha ubani kama anakwenda kuposa. Aliketi kitandani pangu kwa kuwa kiti kilikuwa kimejaa nguo za kupiga pasi, nami sikuziondoa. Alihema kwa muda. Kisha alisema, bila kunitazama:

"Nilisema uongo juu yako. Siku ile mie ndiye niliyekuwa mlangoni. Mie ndiye niliyemwita yule msichana. Sikuhesabu. Nilijua ni mie tangu dereva alipopiga kelele, nikakutia weye hatiani."

Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo miaka yote ile, nikidhani yakija nitalia, au nitapiga magoti nimshukuru Mungu. Nilisikia njaa tu, na kero kwamba amekaa juu ya mto wangu.

"Uongo huo uliusemea wapi?" nilimuuliza.

"Langoni."

"Ulimwambia nani?"

"Mama wa mtoto. Na waliokuwapo."

"Basi ukweli kausemee huko. Mbona unanisafishia chumbani kwangu, mlango umefungwa? Uliponipaka matope kulikuwa na watu."

Akaanza kunieleza juu ya leseni, juu ya wakili, juu ya walimu wote ambao mishahara yao inategemea jina la shule. Nilimwacha aseme. Alipomaliza nikauliza, "Na yule dada wa basi? Yeye umemwomba?"

Alishtuka. Naapa alikuwa hajamfikiria. Alitoa simu, akatafuta namba, akapiga mbele yangu. Sauti ya kike ilijibu upande wa pili, mwenye shule akajitaja, na simu ikakatwa. Akapiga tena. Haikupokewa.

"Huyo ameshakujibu," nilimwambia.

"Weye una roho ngumu, bibi wee," alisema akisimama. "Mie nimekuja mpaka hapa. Unajua maana yake mtu kama mie kuja mpaka hapa?"

"Najua. Ndiyo maana nakuambia hujafika."

Alikwenda zake na chetezo chake. Halwa ilibaki, nikampelekea mlinzi wa jengo.

Nilidhani ameacha. Wiki nzima alinipita mapokezi bila salamu, nami nikafurahia ukimya huo. Kisha asubuhi moja ya Ijumaa, siku ya mapumziko, alinipigia. "Teremka," alisema. "Tunakwenda Sidab."

Mama wa yule mtoto wa basi alikuwa amehamia huko, kijiji cha pwani, kwa wazazi wake baada ya kuachana na mumewe. Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya barabara, kuta nyeupe, mlima mweusi umeiegemea kwa nyuma. Mwenye shule aliendesha kwa mikono miwili kama mtu anayejifunza.

Mama alitufungulia mwenyewe. Aliponiona alirudi nyuma hatua, lakini adabu ya wageni ilimshinda, akatukaribisha sebuleni. Mtoto alikuwapo, amekuwa mkubwa, anacheza na simu kwenye mto. Alinitazama bila kunijua. Nilimtafuta usoni yule aliyekuwa amelegea mikononi mwangu nikampata kwenye masikio tu.

Mwenye shule alisema yote. Safari hii hakukwepa. Kiarabu chake kilikuwa cha taratibu, naamini alikifanya taratibu ili nami nifuate: mlango, kahawa, wakaguzi, sikuhesabu, nikamsingizia huyu. Mama alimsikiliza huku akimimina kahawa.

"Nilijua," mama alisema, mwenye shule alipomaliza. "Dereva alimwambia ndugu yangu wiki ile ile."

Kwanza nilidhani sikuelewa. Nikamwomba mwenye shule anitafsirie, naye akanitafsiria. Nikamgeukia mama yule na Kiarabu changu kibovu.

"Ulijua? Na picha yangu ukaiacha?"

Alinikazia macho. Nitasema kwa haki kwamba hakuyaficha.

"Nilikuwa nimlaumu nani?" alisema. "Huyu mama yake na mama yangu wanajuana. Kwenye harusi tunakaa zulia moja. Wewe ulikuwa mgeni. Nilikuwa na moto ndani, nikautupa ulikoweza kutua."

Hakuomba radhi. Alinisogezea kikombe cha kahawa. Kwa watu wa pale kukataa kahawa ni kumtukana mwenye nyumba, na nilijua hivyo vizuri, kwa hiyo nilikisukuma kikombe mpaka kikagonga sahani ya tende, nikasimama, nikatoka.

Garini mwenye shule alilia. Wanja wake ulimtiririka. Nilifungua dirisha ingawa joto lilikuwa linaingia kama pumzi ya tanuri.

"Hii ya tatu," alisema. "Nimesema mbele yake. Nikitaka nitasema kwenye kikundi cha wazazi pia, leo leo. Sasa n'ambie."

"Huyo mzee alisema toba hukamilika lini?"

Alifuta pua. "Alisema ukijikuta tena pale pale ulipokosea, na nafasi ile ile, na uwezo ule ule, na usifanye. Hapo ndipo umetubu."

"Basi ngoja tufike pale pale."

"Yaani unakataa?"

"Nakataa."

"Mara ya tatu?"

"Kama mzigo umehamia kwangu, nitaubeba. Si mara ya kwanza kubeba wako."

Tulirudi Ruwi. Jioni alituma ujumbe kwenye kikundi cha wazazi, wazi, akijitaja. Wazazi wawili watatu walinitumia vipicha vya maua kwenye simu. Wengi waliwatoa watoto wao shuleni, na walimu wenzangu walianza kuninunia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyeandika.

Pale pale hapakuchelewa. Tulikuwa tukijiandaa kwa sherehe ya wazazi. Lori la maji lilikuja, na mwenye shule akamwambia mlinzi aliache lango wazi, aje kwanza kusaidia kubeba viti. Nilimsikia kwa masikio yangu kutoka mezani. Mtoto mmoja akatoka na mpira wake mpaka maegesho. Gari likafunga breki, mtoto akaanguka, akachanika kidevu. Dereva wa gari lile alikuwa baba mmoja aliyekuja kuchukua binti yake, na baba wa mtoto aliyeanguka alifika muda mfupi baadaye, kanzu yake ya dishdasha ina damu ya mwanawe, akiuliza nani anahusika na lango.

Tulikuwa tumesimama karibu wote. Mlinzi, mtu mzima kutoka Bangladesh, alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa. Mwenye shule akamtazama. Kisha akanitazama mimi, kwa sababu meza yangu ndiyo iliyokuwa mkabala na lango, na ingeaminika kwamba nilizembea mimi. Ule mtazamo niliujua. Niliuona ukinipima, nikakunja ngumi chini ya meza. Nataka kusema kwamba niliomba Mungu amsaidie aseme kweli. Siyo. Niliomba adanganye, nipate kuwa sahihi juu yake maisha yangu yote.

"Ni mimi," alimwambia yule baba. "Mlinzi nilimwondoa mimi. Alinikumbusha lango, nikamwambia haidhuru."

Baba alimshitaki. Wakaguzi walikuja, naye akawaeleza habari ya lango na bila kuulizwa akawaeleza ya basi. Shule ikafungwa. Walimu wote tukapoteza kazi.

Siku ya kuchukua vitu vyetu walimu walikuwa wakali kuliko nilivyowahi kuwa mimi. "Angesema uongo kidogo tu," mwenzangu mmoja alisema akitia vikaragosi vyake kwenye boksi. "Mtoto alichubuka kidevu, basi. Mlinzi angeondoka, sisi tungebaki." Wengine wakaitikia. Walinitazama niwaunge mkono, kwa kuwa walijua ninavyomchukia. Nilimtukana nao, kwa moyo wote, kwa sababu sikuwa na kazi na kodi ilikuwa inakuja. Lakini kwa lile la mlinzi sikuitikia. Niliinua boksi langu nikatoka.

Katika kutafuta kazi nilipata nafasi kwenye kituo cha masomo ya ziada, Ruwi hapo hapo. Mwenye kituo aliniambia kwamba mwajiri wangu wa zamani alimpigia simu kabla hajaniita, akamsimulia habari za basi zote, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa na aibu kusikiliza. Sikupenda. Sikupenda kwamba hata riziki yangu mpya ilipitia kinywani mwake.

Tulikutana mara moja baada ya hapo, dukani, kwenye rafu za mchele. Alikuwa amekonda, amevaa abaya isiyopigwa pasi. Watu walikuwa wanapita na vitoroli vyao kati yetu.

"Bado?" aliniuliza.

Nilimjibu ukweli, kwa kuwa nilihisi angalau hilo analistahili. "Mbele ya Mungu sikudai kitu tena. Nimeshamwambia Mwenyewe."

Macho yake yakajaa, akanyoosha mkono aguse bega langu. Nikajitoa.

"Lakini usinizoee," nilimwambia.

Aliurudisha mkono taratibu. "Haya," alisema. Akachukua mfuko wake wa mchele, akautia kwenye kitoroli kwa shida maana ulikuwa mzito, nami nilisimama nikimtazama bila kumsaidia mpaka akakunja kona ya rafu.